Akiba Ndani ya Chuma: Utangulizi wa Injini na Giaboksi Zinazopendwa

Ukipita Gerezani jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi au Kisekka kule Kampala, utawasikia watu wakizungumza kwa tarakimu na herufi: 1HZ, 1G, 2JZ, EJ20, 1KZ. Mgeni hudhani ni namba za spea tu. Kwa wapenzi wa magari, kila moja ni jina la injini yenye historia, tabia, sifa na kasoro zake, na wapo wanaoitambua kwa mlio kabla gari halijatokeza. Elimu hii ina wajuzi wengi ambao hawajaandika hata ukurasa mmoja. Utangulizi huu ni wa kukukaribisha, ndugu msomaji, uketi nao ukiwa unaelewa wanachokisema.

Ingia na swali moja. Kwa nini injini fulani hupendwa miaka 30 baada ya kubuniwa, huku nyingine zenye nguvu zaidi zikisahaulika? Jibu nitakalolitetea ni akiba. Injini inayopendwa ni ile ambayo walioibuni waliipa uimara kuzidi kazi waliyoituma, na ziada hiyo ndiyo inayomlinda mwenye gari siku mafuta yakiwa machafu, mzigo ukizidi au fundi akichelewa.

Kwanza jifunze kusoma majina. Kwa Toyota, tarakimu ya mwanzo huonyesha nafasi ya injini katika ukoo wake, herufi zinazofuata ni jina la ukoo, na zilizo baada ya kistari hueleza maumbile yake. Chukua 2JZ-GTE. Ni ya pili katika ukoo wa JZ. G ni hedi ya kemshafti mbili iliyobuniwa kwa ajili ya nguvu. T ni turbo. E ni mafuta yanayopulizwa kwa nozeli zinazoongozwa kwa umeme. Ukikuta F mahali pa G, kama katika 1G-FE, kemshafti bado ni mbili ila hedi imepangwa kwa matumizi ya kila siku na kubana mafuta. Nissan wana njia yao: katika RB26DETT, RB ni ukoo, 26 ni ujazo wa lita 2.6, D ni kemshafti mbili, E ni nozeli za umeme na TT ni turbo mbili. EJ20 ya Subaru, nayo, ni ya lita 2.0. Ukishayashika haya, nusu ya mazungumzo ya gereji yamekufungukia.

Injini ninayoiheshimu kuliko zote katika barabara zetu ni 1HZ, iliyoanza kufungwa kwenye Land Cruiser mwaka 1990. Ni dizeli ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wake ni lita 4.2, na haina turbo. Kipenyo cha pistoni ni milimita 94 na mwendo wake ni milimita 100. Kutoka katika ujazo wote huo hutoa nguvu farasi zipatazo 130, kiasi ambacho gari la petroli la lita 1.8 hukifikia siku hizi. Anayesoma takwimu peke yake ataidharau. Lakini tazama kinachotendeka ndani yake. Hewa hubanwa zaidi ya mara 22 mpaka inapata joto la kuwasha dizeli bila plagi. Dizeli huanza kuwaka katika chumba kidogo kilichomo kwenye hedi, kisha moto hutoka na kuisukuma pistoni, hivyo pigo halishtui vyuma. Pampu ya kupuliza mafuta ni ya kimakanika. Ujazo mkubwa unafanya kazi ndogo, na kila chuma kinabaki mbali na mpaka wa uwezo wake. Ndiyo maana Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye injini hii bado zinabeba watalii Serengeti, wagonjwa wa vijijini na watumishi wa mashirika ya misaada mashariki mwa Kongo.

Inadai nidhamu moja kubwa, nayo ni mkanda wa taiming. Ukiachwa hadi ukakatika, pistoni zitakutana na valvu. Wengi pia huifungia turbo, na gari hubadilika kweli, ila hedi yenye vyumba vile vidogo haikubuniwa kwa joto la ziada. Fundi mwangalifu huushusha mgandamizo wa turbo hata kama mwenye gari analalamika. Akiba ipo, lakini ina mwisho wake.

Upande wa petroli, jina linalotajwa kwa sauti ya juu ni hiyo 2JZ-GTE, iliyofungwa kwenye Supra ya mwaka 1993. Ujazo wake ni lita 3.0, kipenyo na mwendo wa pistoni vyote ni milimita 86, bloku ni ya chuma cha kalibu na kranki imeshikwa na bearingi kuu 7. Watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza zaidi ya nguvu farasi 280, yaliyodumu mpaka mwaka 2004, kwa hiyo karatasi ilisema 280. Mafundi wa mashindano walipobadilisha turbo na mfumo wa mafuta, waliona bloku na kranki zilezile zikistahimili zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Ndugu yake mpole, 1G-FE ya Mark II, wengi wetu tumepanda bila kuijua: lita 2.0, silinda 6, pistoni ya milimita 75 kwa 75.

Utaona kwamba 1HZ, 2JZ, 1G na RB26 zote zina silinda 6 kwenye mstari mmoja. Haikutokea kwa bahati. Katika mpangilio huo pistoni hutembea mbili mbili, ya 1 na ya 6, ya 2 na ya 5, ya 3 na ya 4, na mtikisiko wa jozi moja hufutwa na jozi nyingine. Injini hutulia kwenye viti vyake, bearingi hazipigwi ovyo, na mlio huwa ule wa kuimba unaowafanya watu wageuze shingo barabarani.

Tukija kwenye giaboksi, wanafunzi wengi hupunguza mwendo wa kusoma, jambo linalonisikitisha, maana injini na giaboksi ni chanda na pete. Injini huvuta vizuri katika mizunguko fulani tu. Kazi ya gia ni kuibakiza humo, iwe gari linapanda mlima wa Kitonga na shehena au linateleza kwenye tambarare. Zamani dereva alilazimika kukanyaga klachi mara mbili ili meno yasisagane, hadi Cadillac walipoleta sinkro mwaka 1928.

Akiba hupimwa humu pia. Supra yenye turbo ilipewa giaboksi ya gia 6 kutoka kampuni ya Getrag, iitwayo V160, kwa sababu ile ya gia 5 iliyotumika kwenye Supra isiyo na turbo isingebeba mzigo huo. Subaru walijifunza somo hilo kwa uchungu: EJ20 yenye turbo iliendelea kuongezewa nguvu, giaboksi yake ya gia 5 ikapata sifa ya kukatika meno, na gari lao la michezo, STI, likapewa ya gia 6. Anayeongeza nguvu ya injini bila kuuliza habari za giaboksi amehamisha tu mahali gari litakapovunjikia.

Otomatiki hudharauliwa na wapenzi wengi, na hapo sikubaliani nao. Katika Safari Rally ya mwaka 1979, Hannu Mikkola alishika nafasi ya pili na Mercedes 450 SLC 5.0, gari zito la V8 lenye giaboksi ya otomatiki. Mshindi alikuwa Shekhar Mehta wa Kenya, katika Datsun yenye injini ya silinda 4, ikiwa moja ya mara tano alizoshinda mashindano hayo. Desemba ya mwaka huohuo Mercedes hizo zilichukua nafasi 4 za kwanza katika mashindano ya Bandama, Ivory Coast. Mafuta yaliyomo ndani ya otomatiki hupokea mshtuko ambao katika giaboksi ya kawaida ungetua kwenye meno. CVT ni jambo lingine: mkanda wa chuma hukimbia kati ya puli mbili zinazobadilika upana, na oili yake ni ya aina yake. Ukiitilia oili ya otomatiki ya kawaida umeiua.

Lipo pia kundi linaloogopwa, nalo lisomwe kwa haki. Mwaka 1996 Toyota walianza kuuza injini za D-4, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Mafuta hubanwa vizuri. Lakini petroli haipiti tena mgongoni mwa valvu kuzisafisha, masizi hujikusanya, na pampu ya mgandamizo mkubwa haivumilii uchafu. Ubunifu wenyewe ni wa akili. Kilichokosekana ni nafasi ya kusamehe petroli mbaya, na kwa barabara na vituo vyetu vya mafuta, nafasi hiyo ina thamani kuliko lita chache zinazookolewa.

Basi anza leo. Fungua boneti ya Toyota yoyote iliyoagizwa kutoka Japani, tafuta kibati cha namba, uandike namba ya injini na ile ya giaboksi. Kisha nenda kwa fundi unayemwamini, umwulize zote mbili huharibika wapi kwanza, na ukae umsikilize.