Utangulizi: Kuchagua Mtambo wa Simu wa Programu Huria

Tuseme una agrovet pale Chepsaita, nje ya Eldoret. Mvua za kupanda zikikaribia, wakulima wa mahindi wanapiga simu mfululizo kuulizia mbolea na mbegu, na laini yako moja haishiki. Asiyekupata anapigia duka jingine. Hapo ndipo unapohitaji mtambo wa simu: unaopokea simu zote zinazoingia na kuwagawia wahudumu, au kumwambia mpigaji abonyeze 1 kwa mbolea, 2 kwa dawa za mifugo.

Usitishwe na neno hilo. Zamani mtambo ulikuwa kabati zito la nyaya. Siku hizi ni programu ndani ya kompyuta ndogo, na sauti inapita kwenye intaneti. Kanuni zinazoviwezesha vifaa kuitana, kuitikiana na kukata simu huitwa SIP. Ukishalielewa hilo, msingi umeushika.

Programu huwa huria pale msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, unapokuwa wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuubadilisha. Mashuhuri kuliko zote ni Asterisk, aliyoianzisha Mark Spencer huko Marekani mwaka 1999 kwa sababu bei ya mtambo wa kununua ilimshinda. FreePBX imejengwa juu yake, nawe unaiendesha kwa kubofya kwenye kivinjari. Kwa anayeanza, mimi ningeanzia hapo.

Wengi hukwama hapa: programu ni bure, basi kazi imekwisha. Bado. Ni nani atakayeitunza? Asterisk ina matoleo ya muda mrefu, kama la 22 lililotoka 2024. Hurekebishwa kwa miaka minne, kisha mwaka mmoja zaidi kwa kasoro za usalama pekee. Ukifungiwa toleo lililokwisha muda, au ukiacha nywila dhaifu, wezi wa mtandaoni wataingia na kupiga simu za ng'ambo usiku kucha, na bili itakujia wewe.

Mwenye programu naye anaweza kubadilika. Elastix ilipendwa sana, lakini mwaka 2016 ikaingia mikononi mwa kampuni ya 3CX, na toleo lililofuata halikuwa huria tena. Kwa kuwa msimbo wa awali ulikuwa wazi, watumiaji waliuchukua wakauendeleza kwa jina la Issabel. Aliyekuwa na fundi wa kumhamisha hakupoteza mengi.

Kwa hiyo mchague fundi kwa uangalifu uleule unaochagulia programu. Muulize kama anaweza kufika Chepsaita siku hiyohiyo mtambo ukizima, na stima ikipotea simu zitaelekezwa wapi. Muulize pia nakala rudufu, yaani nakala ya akiba ya mipangilio yako yote, anaiweka wapi. Kisha airejeshe mbele yako kwenye kompyuta tupu, hadi simu mbili zipigiane, kabla hujamlipa.