Donge la Makueni, tope la Malindi

Kila mwaka mvua za vuli zinapoanza huko bara, bahari ya Malindi hubadilika rangi. Maji ya mdomo wa Sabaki huwa kama chai ya maziwa, na maneno ya barazani huwa ni yale yale: watu wa Ukambani wametuletea tope lao. Leo, kabla ya kulaumu, tuulize swali moja: udongo ule uliachana vipi na shamba lake?

Mto wenyewe twaujua. Juu unaitwa Athi, na kwa masafa marefu ndio mpaka wa Makueni na Kitui. Ukishakutana na mto Tsavo unaitwa Galana, na ukifika kwetu ni Sabaki. Nchi inayomwaga maji yake humo inakaribia kilomita za mraba 70,000. Kinachong'oka huko hakina njia nyingine ya kwenda baharini ila hii yetu.

Udongo mzuri wa shamba si vumbi. Ni madonge madogo madogo, na kila donge ni kundi la chembe za mchanga, tope laini na ufinyanzi, zilizoshikana kwa mboji na mizizi membamba. Donge likiwa zima, maji hayaendi nalo mbali. Likivunjika, mambo hubadilika. Katika maji yaliyotulia, chembe ndogo ambayo upana wake ni sehemu moja ya kumi ya mwenzake huzama polepole mara 100 zaidi. Ndiyo sababu mchanga hutua njiani, lakini ufinyanzi husafiri mpaka Malindi.

Tatizo ni kwamba donge huvunjika kufumba na kufumbua, na mengi hutendeka ndani yake, jicho lisipofika. Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Mwaka 1979 wataalamu wawili, Peter Cundall na Otto Strack, walichapisha njia ya kuiga mchanga kwa kompyuta. Kila chembe huchukuliwa kuwa kijitufe. Kompyuta hukiuliza: nani amekugusa, na anakusukuma kwa nguvu gani? Kisha hukisogeza kidogo tu, kwa muda mfupi mno kuliko kupepesa jicho, na kuuliza tena. Kazi hiyo hurudiwa mara nyingi mno. Ili kupata donge, vijitufe hufungwa pamoja, na kila kifungo hupewa nguvu yake. Nguvu ya kuvuta ikizidi, kifungo hukatika. Mwisho mtaalamu huhesabu: vifungo vingapi vimekatika, vipande vingapi vimebaki, na vina ukubwa gani.

Uigaji huo unaonyesha kwamba donge lina njia zaidi ya moja ya kuvunjika. Nguvu ndogo hulikwangua pembeni, chembe baada ya chembe, likakonda. Pigo kubwa hulipasua vipande. Mpasuko huanzia kwenye kifungo dhaifu, na kikikatika, mzigo wake huwaangukia majirani. Ni kama watu kumi wanaovuta juya: watatu wakiachia kamba, waliobaki hawahimili, na punde wavu wote umekwenda. Kwa hiyo donge halilindwi na vifungo vyake vikali. Vile dhaifu ndivyo vinavyoamua.

Kompyuta nayo haina miujiza. Chembe halisi si tufe, na mizizi ni migumu kuigwa, kwa hiyo majibu yake lazima yapimwe kwa udongo wenyewe. Jaribio dogo waweza kulifanya nyumbani. Chukua donge chini ya mti na jingine kwenye uwanja mtupu, yaache yakauke, kisha tia kila moja katika bilauri ya maji. Mara nyingi lile la uwanjani hutoa mapovu na kumomonyoka, kwa kuwa maji yameisukuma hewa iliyokuwa ndani. Lile la chini ya mti hustahimili zaidi.

Sasa tazama kalenda ya Ukambani. Kuanzia Juni mpaka Oktoba ni ukame. Majani huliwa na mifugo na ardhi hubaki uchi. Matone ya kwanza ya vuli huyapiga madonge makavu, yasiyo na kifuniko, wakati vifungo vyake viko hatarini zaidi. Na huku kwetu ndipo upepo unapogeuka. Wakati wa kusi tope la Sabaki husukumwa kaskazini, upande wa Mambrui. Wakati wa kaskazi huja kusini, Malindi, kwenye matumbawe ya hifadhi iliyotengwa tangu 1968. Tena, chumvi ya bahari huzifanya chembe za ufinyanzi zishikane upya. Mawimbi huyavunja makundi hayo, lakini maji yakitulia hukua na kuzama, mengine juu ya matumbawe. Kifungo kilichokatika Makueni kimerudi mahali pasipotakiwa.

Tusiwadhulumu majirani. Tope hili halitoki kwao peke yao, nao hawakukaa bure. Matuta ya "fanya juu" yamefunika milima mingi ya Makueni. Kitui ina mabwawa mengi ya mchanga, na mwaka 2015 kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga wa mito. Lakini bwawa la mchanga hushika mchanga. Ufinyanzi uliokwisha kuachana hupita juu ya ukuta na kuja zake. Hata bwawa kubwa la Thwake, mahali mto huo unapokutana na Athi, likipokea tope mwaka hadi mwaka litapungua kina.

Basi dawa ya tope la Malindi iko shambani, donge likiwa bado zima: majani yaachwe juu ya ardhi, miti ipandwe, matuta yatengenezwe kabla ya Oktoba. Viongozi wa Kilifi wangeketi na wenzao wa Makueni na Kitui, wakachangia gharama hiyo. Mkulima wa Kibwezi na mvuvi wa Malindi hawajuani, lakini wanakula kwa mto mmoja.