Jambia Usoni mwa Saa

Wapitao Bustan, kando ya Maskati, huiona ile hoteli ya kifalme iliyojengwa baina ya majabali na bahari kwa ajili ya mkutano wa wakuu wa nchi za Ghuba wa mwaka 1985. Na sidhani kama pana mahali panapofaa zaidi kuzungumzia saa za fahari, kwani marehemu Sultan Qaboos wa Oman, aliyeshika ufalme mwaka 1970, alikuwa na ada ya kuwatunuku waliomtumikia, wakiwamo maofisa wa Kiingereza wa vita vya Dhofar, saa za Rolex zenye nembo ya dola usoni: jambia juu ya panga mbili zilizopishana, nyekundu au ya dhahabu, akrabu zikiipitia juu. Baadhi ziliagizwa kwa Asprey wa London.

Mnadani leo, jambia hilo huzidisha bei mno. Lakini aliyetunukiwa hakununua kitu. Alivishwa shukrani ya mfalme, na mwanawe akiirithi huvaa heshima ya babake (ijapokuwa, tuseme kweli, wapo wauzao kabla ya matanga kwisha). Ewe uliyeachiwa saa ya namna hiyo, usimruhusu fundi kuusafisha uso wake: nembo ikifutika haina badali.