Shahidi si mshitaki

Mara nyingi kesi ya jinai katika visiwa vyetu haifi kwa kukosa sheria. Hufa kwa kukosa shahidi. Mshitakiwa yupo kizimbani, hakimu yupo, mwendesha mashitaka amesimama na jalada lake mkononi, na anayeitwa haitiki. Kesi huahirishwa, huahirishwa tena, na mwishowe huondolewa. Hapo husikika mitaani kwamba Serikali imemwachia mhalifu.

Muhali una sehemu yake kubwa katika jambo hili, na kila mtu wa Unguja na Pemba anaujua. Lakini iko sababu nyengine isiyosemwa sana, nayo ni kwamba maneno ya mahakamani hayajulikani maana yake.

Aliyepigwa, aliyeibiwa au aliyedhalilishwa huenda kituo cha polisi akaandikwa mlalamikaji. Kwa jina hilo hudhani kesi ni mali yake, mfano wa deni: akitaka atadai, akitaka atasamehe. Katika jinai sivyo. Kosa huhisabiwa kuwa limetendewa jamii nzima, na mwenye kushitaki ni Serikali kupitia Mkurugenzi wa Mashitaka. Mlalamikaji, akifika mbele ya hakimu, ni shahidi, ingawa aghalabu ndiye shahidi mkubwa. Basi wazee wa pande mbili wakikaa barazani wakasoma Fatiha na kupeana fedha, hawajaifuta kesi ya mtoto aliyenajisiwa. Walilolifanya ni kumfunga mdomo shahidi. Ugomvi mdogo wa majirani mahakama yenyewe yaweza kuuhimizia suluhu; unajisi wa mtoto haumo humo.

Neno jengine linaloleta fitina ni dhamana. Mtu hukamatwa Jumatatu, na Alkhamisi huonekana sokoni. Wenye uchungu husema amenunua kesi. Dhamana ni ahadi, yenye wadhamini na masharti, kwamba mshitakiwa atarudi siku atakayoitwa, na kesi yake ingali palepale. Makosa mengine hayana dhamana kabisa, na mwenye kushitakiwa kwayo hukaa rumande. Vivyo hivyo, kuachiwa si lazima kuwe ni kuachiwa huru. Shitaka likiondolewa kabla ya hukumu, mtu huyo aweza kushitakiwa upya ushahidi ukipatikana. Aliyeachiwa huru baada ya kesi kusikilizwa hawezi kurudishwa kwa kosa lile lile, ila kwa njia ya rufaa.

Shahidi naye hupelekewa hati ya wito. Hati hiyo ni amri, si mwaliko wa harusi, na anayeipuuza bila ya udhuru aweza kukamatwa. Siku ya kesi husubiri nje ya chumba mpaka aitwe, ili asiyasikie ya wenzake. Huapishwa kwa dini yake. Kwanza huongozwa na mwendesha mashitaka, kisha huulizwa na mshitakiwa au wakili wake. Hapa ndipo wengi huvunjika moyo, wakiona kwamba wametukanwa na kufanywa waongo. Kazi ya wakili ni kuupima ushahidi, na mwenye kusema kweli hana haja ya kumjibu kwa hasira. Asilolijua aseme halijui. Aliloambiwa na mtu alieleze kuwa ni la kuambiwa, maana mahakama yataka alichokiona kwa macho yake na alichokisikia kwa masikio yake. Baadaye mwendesha mashitaka humrudia kwa maswali ya ufafanuzi, akapata nafasi ya kuliweka sawa lililopinda.

Wako wasemao, kwa kukumbuka walichosomeshwa chuoni, kwamba shahidi mmoja hatoshi. Mahakama za jinai hazihisabu vichwa. Shahidi mmoja wa kuaminika aweza kutosha, na hata mtoto husikilizwa. Na sisi tuliosoma chuoni tunajua pia kwamba Sura ya Al-Baqara, katika aya ya 283, imekataza kuficha ushahidi.

Wazee wetu wamezirithi fikra nyengine kutoka Mahakama za Wananchi za miaka ya 1970, ambazo wajumbe wake hawakuwa wanasheria na mawakili hawakuruhusiwa kumtetea mshitakiwa. Mfumo ule uliondoka mwaka 1985. Tangu hapo mzigo wa kuthibitisha umekuwa mabegani mwa Serikali, pasi na shaka ya maana, na mzigo huo haubebeki bila ya shahidi.

Tukishawalaumu wananchi, haki yataka tuwatazame na maofisa. Mtu wa Makangale akiletewa wito jioni afike Wete asubuhi, nauli atoe mfukoni, kisha aambiwe kesi imeahirishwa kwa kuwa hakimu ana udhuru, mara ya tatu hatorudi, wala hatuna uso wa kumlaumu. Binti aliyedhalilishwa hukalishwa benchi moja na jamaa za mshitakiwa. Mahakama maalumu za udhalilishaji zilianzishwa mwaka 2021, Unguja na Pemba, na sheria inaruhusu kesi hizo zisikilizwe faragha. Lakini faragha ya chumbani haimfai aliyekwisha kutishwa varandani. Sheha apate wito mapema, karani ampigie simu shahidi kesi inapoahirishwa, na kila mahakama iwe na chumba, japo kidogo, cha mashahidi kusubiria.