Kipimo cha DNA chaeleza nini juu ya asili ya mtu?

Leo tunazungumzia jambo ambalo huenda umeliona kwa jirani, au limekwisha ingia nyumbani kwako, hasa ikiwa unaishi Uingereza au Marekani. Mtu hununua kijisanduku, hutema mate katika kichupa, hukituma kwa posta, na baada ya wiki chache hupokea majibu kwamba asilimia kadhaa ya asili yake yatoka nchi fulani na asilimia kadhaa nchi nyingine. Je, majibu hayo yana uzito gani? Na ni nani mwingine anayeguswa nayo?

Kwa wengi hiyo ni burudani tu. Kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika, hata hivyo, ni jambo zito. Sensa ya Marekani ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza kuwaorodhesha kwa majina watu wengi waliokuwa watumwa. Katika orodha za mwaka 1850 na 1860 walitajwa zaidi kwa umri na jinsia, chini ya jina la bwana wao. Hivyo mjukuu anayefuata karatasi za ukoo wake hufika hapo akakuta ukuta, na kipimo cha DNA ndicho kinachoahidi kumvusha.

Vipimo hivyo ni vya aina tatu. Cha kwanza huchunguza kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwanawe wa kiume. Mstari huo ni ule ule wa majina ya nasaba: fulani bin fulani bin fulani. Cha pili huchunguza DNA ya mitokondria, ambayo mama huwarithisha watoto wake wote, lakini ni mabinti pekee wanaoipeleka kwa kizazi kinachofuata. Cha tatu hutazama kromosomu nyingine, zilizochanganyika kutoka kwa baba na mama.

Hapa hesabu kidogo yatosha kutuonyesha mpaka wa vipimo hivyo. Kila mtu ana wazazi 2, mababu na mabibi 4, na katika kizazi cha juu yao watu 8. Ukirudi nyuma vizazi 10, nafasi za wazee wako ni 1,024. Kipimo cha mitokondria hueleza habari za mmoja tu kati yao, na cha kromosomu Y za mmoja mwingine. Waliobaki 1,022 hawatajwi. Basi mtu anayeambiwa kwamba mstari wa mama yake wafanana na wa watu wa Sierra Leone ameelezwa habari za bibi mmoja, si za ukoo mzima.

Na zile asilimia je? Maabara hulinganisha DNA yako na ya watu wa leo ambao familia zao zimekaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Penye sampuli nyingi jibu hukaribia ukweli; penye sampuli chache hubaki la jumla. Waafrika wamekuwa wachache katika hazina hizo, ingawa bara lao ndilo lenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba duniani. Ndiyo sababu majibu ya mtu yule yule hubadilika kampuni inapoongeza sampuli. Aidha, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja waweza kupata asilimia zinazotofautiana, kwa kuwa hawakurithi vipande vile vile.

Pwani ya Afrika Mashariki yatupa mfano mzuri wa yale ambayo DNA huweza kuyaeleza. Mwezi Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani, ikiwemo Mtwapa, Manda na Kilwa, kati ya mwaka 1250 na 1800, pamoja na mji mmoja wa bara. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo ni Profesa Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia kutoka Kenya. Ilibainika kuwa, kwa wengi wa watu wa pwani, zaidi ya nusu ya DNA yao ilitoka Afrika, hasa kwa wanawake. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, na asilimia 80 hadi 90 ya hiyo ilitokana na wanaume wa Kiajemi. Mchanganyiko huo ulianza kiasi cha mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 hivi, nasaba za Kiarabu zikazidi.

Kwa hiyo masimulizi ya Kilwa juu ya mababu wa Kishirazi yalikuwa na msingi. Walakini, waliozikwa karibu na misikiti ya miji ya mawe hawawakilishi kila Mswahili wa leo. Tena baba waliotoka ng'ambo hawakuiondoa lugha ya mama: Kiswahili kimebaki lugha ya Kibantu.

Lipo pia suala la siri ya familia. Mwezi Aprili 2018, polisi wa California walimkamata Joseph James DeAngelo, muuaji aliyetafutwa kwa miongo kadhaa, baada ya kufuata DNA ya jamaa zake wa mbali iliyokuwa katika hazina ya nasaba. Mwaka 2023 wezi wa mtandao waliingia katika akaunti kama 14,000 za kampuni ya 23andMe. Kwa kuwa wateja wameunganishwa na jamaa zao, walifikia habari za watu wapatao milioni 6.9. Mwezi Machi 2025 kampuni hiyo ilikwenda mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika, na wateja wakauliza DNA yao ingeangukia mikononi mwa nani.

Kutema mate, basi, si uamuzi wa mtu mmoja. Dada, binamu na watoto ambao hawajazaliwa wamo katika kichupa kile. Wapo hata waliogundua kwa njia hiyo kwamba baba aliyewalea siye aliyewazaa. Anayetaka kupima na azungumze kwanza na jamaa zake, asome masharti ya kampuni, na ajue namna ya kuomba taarifa zake zifutwe. Na kama bado ana bibi au babu aliye hai, akae naye aandike majina anayoyakumbuka, kwa maana maabara haiwezi kumtajia hata moja la waliokwisha fariki.