Albert Londres: Mshairi Aliyegeuka Mwanahabari

Je, taarifa ya gazeti yaweza kuhesabiwa kuwa fasihi? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejelea kazi ya Albert Londres, mwanahabari Mfaransa aliyezaliwa mjini Vichy mwaka wa 1884.

Londres alianza kama mshairi. Alichapisha diwani kadhaa kabla ya kuajiriwa na gazeti la Le Matin kuripoti shughuli za bunge. Mnamo Septemba 1914 alishuhudia mizinga ya Wajerumani ikiliteketeza kanisa kuu la Reims, na taarifa aliyoiandika ikampatia jina. Tangu hapo akawa mwandishi wa nchi za nje, akizuru Ugiriki, Urusi, Uchina na kwingineko.

Mwaka wa 1923 gazeti la Le Petit Parisien lilimtuma kwenye magereza ya kazi ngumu huko Guyana ya Ufaransa. Alifichua kwamba kumaliza kifungo hakukuwa kuachiliwa. Aliyefungwa chini ya miaka 8 alilazimika kubaki huko kwa muda sawa na wa kifungo chake. Aliyefungwa miaka 8 au zaidi hakuruhusiwa kurudi kwao kamwe. Serikali ilikomesha kuwapeleka wafungwa huko mwaka wa 1938, miaka sita baada ya kifo chake.

Mwaka wa 1928 alizuru Afrika. Katika Terre d'ébène (1929) alieleza jinsi Waafrika walivyoshurutishwa kujenga reli kutoka Brazzaville hadi Pointe-Noire, na maelfu wakafa.

Nguvu ya maandishi haya imo katika mbinu zake: nafsi ya kwanza, mazungumzo mafupi, kejeli, na taswira ya mtu mmoja badala ya hoja ya jumla. Hizi ni mbinu za msanii. Hata hivyo, tusimtukuze kupita kiasi. Londres alidai ukoloni urekebishwe, hakudai ukome. Na Waafrika wake mara nyingine huchorwa kwa dharau ya enzi hiyo.

Alifariki Mei 1932 meli ya Georges Philippar iliposhika moto katika Ghuba ya Aden, akitoka Uchina. Tuzo yenye jina lake imetolewa kwa wanahabari tangu mwaka wa 1933.

Kwa kuhitimisha, tunashikilia kwamba taarifa huwa fasihi pale usanii unapoutumikia ukweli. Mwenye kuyahakiki maandishi ya aina hii hana budi kuuliza maswali mawili kwa pamoja: yameandikwa vipi, na yamemsemea nani?