Asilimia 100 ya Nini? Mwongozo wa Programu Unaoweza Kujaribiwa

Daktari akiambiwa kwamba programu ya kompyuta imenasa asilimia 100 ya ilichotakiwa kukinasa, huelekea kuamini kwamba hakuna mgonjwa aliyeachwa. Mgonjwa naye huamini hivyo hivyo, pengine zaidi. Swali linalopaswa kuitangulia imani hiyo ni dogo: asilimia 100 ya nini? Makala haya yanaeleza kwa nini swali hilo hujibika kwa urahisi zaidi pale mwongozo wa programu unapoambatana na daftari linaloweza kuendeshwa, kuliko pale unapokuwa maandishi ya kusomwa tu.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yanayoiongoza kompyuta, uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuutumia na kuurekebisha. Mojawapo ni scikit-learn, ambayo watafiti huitumia kuifundisha kompyuta kutambua mielekeo katika takwimu. Uwazi wa msimbo, hata hivyo, haumfai sana muuguzi au ofisa wa takwimu asiyejua pa kuanzia. Yeye hutegemea mwongozo, na mwongozo wa kawaida una udhaifu mmoja: unaonyesha jibu la swali la aliyeuandika. Msomaji mwenye swali lake mwenyewe hana pa kuliuliza.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na daftari tendaji. Asili yake ni kazi iliyoanzishwa mwaka 2001 na Fernando Pérez, mzaliwa wa Kolombia, alipokuwa akisomea uzamivu wa fizikia nchini Marekani. Mwaka 2011 kazi hiyo ilipata sura ya daftari, na mwaka 2014 ikapewa jina la Jupyter, lililotokana na lugha tatu za kompyuta: Julia, Python na R. Ukurasa wake umegawanywa katika visanduku. Kimoja kina maelezo ya kawaida, kingine kina msimbo, na jibu hutokea chini yake mara msimbo unapoendeshwa. Ukibadilisha namba moja na kuendesha tena, jibu nalo huhesabiwa upya.

Kurasa za mifano katika mwongozo wa scikit-learn sasa zina vitufe vya kufungulia daftari la namna hiyo. Kimoja, kupitia Binder, huazima kompyuta ya mbali. Kingine, kupitia JupyterLite, huendesha kila kitu ndani ya kivinjari cha msomaji. Daftari laweza pia kupakuliwa na kutumiwa kwenye kompyuta iliyokwisha kuwekewa Python, jambo lenye manufaa pale intaneti inapokatikakatika.

Tuchukue mfano. Scikit-learn huja na hazina ndogo ya takwimu za uvimbe wa matiti iliyoandaliwa huko Wisconsin na daktari William Wolberg na wenzake, na kutolewa kwa umma mwaka 1995. Ina sampuli 569: za saratani 212, zisizo za saratani 357. Kila sampuli ina vipimo 30 vya viini vya seli zilizofyonzwa kwa sindano, kama vile ukubwa wa kiini na ulaini wa ukingo wake. Namba hizi zimo katika mwongozo. Husomwa kwa dakika moja na kusahaulika.

Sasa fungua daftari, uijaribu programu ya kipuuzi kuliko zote: isiyotazama kipimo chochote, inayosema "si saratani" kwa kila sampuli. Itapatia mara 357 kati ya 569, karibu asilimia 63, na tayari hapo mtu ajifunza kuutilia shaka usahihi unaotajwa peke yake. Kisha iombe kompyuta ikupe kiwango cha kunasa, yaani ile sehemu ya walengwa waliotambuliwa. Jibu ni 1.0, sawa na asilimia 100. Sampuli 212 za saratani zimepita bila kuonekana, na alama ni kamili!

Hakuna hitilafu katika msimbo. Katika hazina hii saratani imepewa alama 0, na uvimbe usio wa saratani alama 1, kinyume cha mazoea ya wengi wetu ambao tukiona 1 tunafikiri ugonjwa. Programu nayo, isipoelekezwa vingine, huchukulia kwamba kinachotafutwa ni 1. Kilichonaswa chote, basi, ni uvimbe usio wa saratani. Ongeza agizo pos_label=0, uendeshe kisanduku tena, na ile 1.0 hugeuka kuwa 0.

Tahadhari hiyo ingeweza kuandikwa kwa sentensi moja. Lakini kwa maoni yangu, aliyeigeuza asilimia 100 kuwa sifuri kwa mkono wake mwenyewe hatasoma tena ripoti ya namna hiyo bila kuuliza.

Daftari nalo lina maradhi yake. Mwaka 2019 João Felipe Pimentel na wenzake walijaribu kuendesha upya madaftari zaidi ya 860,000 yaliyowekwa hadharani. Takriban asilimia 24 tu yaliendeshwa hadi mwisho bila kukwama, na asilimia 4 tu yalitoa majibu yale yale. Mara nyingine programu zinazohitajika hazikutajwa. Mara nyingine mwandishi aliendesha visanduku bila kufuata mpangilio, jibu likategemea hatua ambayo msomaji haioni. Kwa sababu hiyo wanaotunza mwongozo wanapaswa kuiachia mashine iendeshe kila daftari kuanzia juu hadi chini kila programu inapobadilishwa. Mwanafunzi anayekwama kwenye kisanduku cha pili hudhani kosa ni lake, akaacha.

Hatari nyingine inamhusu mgonjwa moja kwa moja. Daftari huhifadhi majibu pamoja na msimbo katika faili moja. Mhudumu aliyetazama jedwali la wagonjwa wake kisha akamtumia mwenzake daftari hilo, ametuma na majina yao. Kwa mazoezi zitumike takwimu za mfano. Takwimu halisi zisipandishwe kwenye kompyuta ya kuazima. Na kabla ya kulituma daftari lolote, futa majibu yote, kisha usome msimbo wenyewe, kwa kuwa jina lililoandikwa ndani ya kisanduku halifutiki pamoja na majibu.